Ghadhabu ya Mtoto Asiye na Maneno

Katika shule moja ya msingi huku pwani, ambayo jina lake sitalitaja, kengele ni rimu la lori lililotundikwa kwa mnyororo katika tawi la mwembe, nalo hugongwa kwa kipande cha nondo na mwanafunzi wa zamu kwa nguvu zake zote, ili sauti ifike mpaka madarasa ya mwisho karibu na uwanja wa mpira. Hatua kumi kutoka mwembe huo pana chumba cha kitengo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Asubuhi niliyokuwako, mvulana wa miaka minane, aliyekuwa ameketi kwa utulivu kamili akipanga vizibo vya soda sakafuni kwa safu za rangi, aliposikia rimu likilia kwa mapumziko ya saa nne alijiziba masikio, akapiga ukelele, akainuka, akaurukia mkono wa mwalimu wake aliyekuwa amesimama mlangoni, akauuma. Nilipouona mkono ule baadaye, alama za meno zilikuwa zimekaa katika duara mbili: moja mbichi, na moja ya zamani iliyokwisha kugeuka manjano.

Ofisini kwa walimu mjadala uliofuata ulikuwa na rai tatu, na kila rai ilitamkwa na mtu mwema. Mmoja alisema mtoto achapwe, kwa kuwa mwalimu ni mzazi wa pili na asiyemheshimu sharti afunzwe. Wa pili alisema aitwe mama yake amchukue, akae naye nyumbani mpaka akili imkae. Wa tatu, mtu mzima mwenye heshima zake, alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto yule ana mashetani, na kwamba ingefaa kwanza asomewe. Nilingoja mtu aulize habari ya rimu. Hakuna aliyeuliza.

Naandika makala haya kwa ajili ya swali hilo lililokosa mwulizaji. Naamini, tena kwa yakini iliyotokana na kuona, kwamba shule inapokabiliwa na mtoto mlemavu aliyepiga, aliyeuma au aliyemrushia mwenziwe kiti, neno la kwanza la kuuliza ni nini kilichotangulia. Suala la adhabu, kama litakuwapo, laweza kungoja jibu la swali hilo, na aghalabu jibu likipatikana, adhabu hukosa mahali pa kukaa.

Binadamu mwenye ulimi mzima akiumwa na jino husema, akichoka huomba ruhusa, akiogopa hukimbia, kisha akaeleza alichokikimbia. Lakini mtoto ambaye ulemavu wake umemnyima maneno, au anayo maneno ila yanamponyoka kila apatwapo na taharuki, hana cha kusemea isipokuwa mwili wake, na mwili ukisema kwa fadhaa, usemi wake huwa ni ngumi, meno na kichwa kigongwacho ukutani. Mwaka 1943, tabibu Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika kwa mara ya kwanza habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo tunaiita usonji, alitaja bayana kwamba sauti kubwa ziliwatia watoto hao hofu kuu. Rimu la lori hatua kumi kutoka mlangoni, kwa sikio la namna hiyo, ni hujuma. Kadhalika mtoto kiziwi aliyeletwa shule akiwa na umri wa miaka saba bila ya lugha yoyote, ya mdomo wala ya alama, hushikwa bega kwa nyuma na mtu asiyemsikia akija, akageuka na kupiga. Na wapo wanaomhukumu kuwa ni mkorofi kwa kushtuka tu.

Liko jambo la kifafa ambalo natamani kila mwalimu alijue kabla hajakabidhiwa darasa. Mtoto anapozinduka baada ya kuanguka, fahamu zake hazimrudii mara moja. Kwa dakika kadhaa, na pengine zaidi, huwa kama mtu aliye kati ya ndoto na kuamka, hamtambui aliye mbele yake wala haelewi aambiwalo, na akishikwa kwa nguvu wakati huo huweza kurusha mikono na miguu akamuumiza amshikaye, kisha asikumbuke hata chembe. Mtoto huyo akichapwa, amechapwa kwa tendo asilolijua. Fauka ya hayo, dawa ya phenobarbital, itolewayo sana katika zahanati zetu kwa sababu bei yake ni nafuu, huweza kumfanya mtoto awe mwepesi wa hamaki na asitulie, hata mzazi akadhani mwanawe ameharibika tabia tangu aanze matibabu. Hapo wajibu ni kurudi kwa daktari na kumweleza. Kamwe dawa isikatishwe ghafla nyumbani, kwani kuikatisha kwaweza kuleta kifafa kikali kisichokatika.

Na kabla hatujafika kwenye magonjwa makubwa, tusisahau madogo: jino bovu, sikio lenye usaha, choo kigumu cha siku nne, njaa ya mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni akangoja uji mpaka saa nne. Mtoto mwenye ulemavu wa akili huweza kuumwa jino mwezi mzima na dalili pekee ikawa kwamba anawapiga wenziwe wakati wa kula.

Kwamba ghadhabu ya namna hii ni lugha, halikubaki kuwa neno la huruma tu, lilipimwa. Mwaka 1985, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha utafiti juu ya watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji, waliokuwa wakipiga, wakijidhuru na kuvuruga darasa. Walichunguza kwanza ni wakati gani vurugu huzuka, wakakuta kwamba baadhi huvuruga kazi inapowazidi ugumu, na wengine mwalimu anapoacha kuwaangalia. Ndipo wakamfunza kila mtoto maneno mafupi ya kuomba kile kile alichokuwa akikitafuta kwa vurugu: msaada kwa huyu, sifa kwa yule. Mtoto aliyefunzwa maneno yaliyolingana na haja yake alipunguza vurugu sana, ilhali maneno yasiyolingana na haja yake hayakumfaa kitu. Hili la mwisho ndilo lenye uzito, kwa kuwa lathibitisha kwamba wema wa mwalimu, hata uwe mwingi kama mchanga wa ufukwe, hauponyi ikiwa hakuijua sababu.

Mwalimu wa mvulana wetu alikwenda dukani akanunua daftari la kurasa 48. Kila tukio aliliandika kwa safu tano zilizopigwa rula: siku, saa, kilichotangulia, alichokifanya mtoto, na kilichofuata. Hakuandika "leo mtukutu sana", neno ambalo halimsaidii yeyote. Aliandika, kwa mfano, kwamba saa nne kamili rimu liligongwa, kwamba mtoto aliziba masikio, kwamba aliguswa mkono na mwalimu, ndipo akauma. Baada ya majuma mawili safu ya tatu ilikuwa na neno moja linalojirudia ukurasa baada ya ukurasa, na hata yule mwalimu mwenzake aliyetaka kiboko alipoonyeshwa alinyamaza akalisoma mara mbili. Wakafanya shauri. Mwanafunzi wa zamu akaagizwa apite kwanza mlangoni mwa kitengo na kuinua mkono kabla ya kushika nondo. Mtoto akapelekwa nyuma ya jengo, kwenye kivuli, mpaka sauti itulie. Na akafunzwa, kwa subira ya siku nyingi, kumpa mwalimu kadi yenye picha ya sikio kila atakapo kuondoka penye kelele. Kuuma hakukuisha siku ile wala mwezi ule. Kulipungua, kukawa jambo la nadra, na siku mtoto alipoichukua kadi mwenyewe kutoka kwenye msumari ukutani, akamwekea mwalimu kiganjani, mwalimu yule alilia mbele ya darasa lake.

Sasa nirudi kwenye zile rai tatu. La kusomewa sitaligombea; mzazi anayo dini yake, na dua haimdhuru mtoto, maadamu haichukui mahali pa daktari wala haiandamani na kufungwa kamba, kufukizwa moshi au kupigwa ili shetani atoke.

Kiboko ni neno jingine. Katika Kenya kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtishia mtu atakayemtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Katika Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa zito, kwa mkono wa mwalimu mkuu au wa mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi, na kuandikwa kitabuni. Lakini kanuni hizo hizo zinaagiza kutazama umri, jinsia na afya ya mwanafunzi kabla ya kuinua fimbo. Nauliza kwa insafu: afya ya mtoto ambaye ubongo wake hauwezi kuunganisha pigo la sasa na tendo la robo saa iliyopita, imetazamwa vipi? Mtoto huyo anajifunza jambo moja tu, kwamba mkubwa mwenye ghadhabu hupiga. Rai yangu ni kwamba kiboko kiondolewe kabisa kwa watoto hawa, bila kungoja kanuni ibadilishwe, na mwalimu mkuu anayo mamlaka ya kuamua hivyo leo shuleni kwake.

Kumrudisha nyumbani kunaonekana kuwa na huruma zaidi, na pengine ndiyo maana kunafanyika zaidi. Wamarekani walilifikisha jambo hili katika Mahakama yao ya Juu. Mwaka 1980, huko San Francisco, kijana wa miaka 17 mwenye maradhi ya hisia, aliyeitwa mahakamani John Doe ili jina lake lisitiriwe, alidhihakiwa na mwanafunzi mwenziwe, akamkaba shingo mpaka akamchubua, na alipokuwa akipelekwa kwa mwalimu mkuu akalipiga teke dirisha likavunjika. Shule ikamsimamisha, kisha ikataka kumfukuza. Jambo la kusikitisha ni kwamba mpango wake wa masomo, ulioandikwa na shule yenyewe miezi michache kabla, ulikwisha kusema kwamba haja yake kuu ni kufunzwa kustahimili maudhi bila ya kupigana. Shule ilitaka kumfukuza kwa maradhi yale yale iliyoahidi kumtibu kwa elimu. Januari 1988 mahakama iliamua kwamba shule haina mamlaka ya kumwondoa peke yake mtoto mlemavu kwa tabia itokanayo na ulemavu wake kwa zaidi ya siku 10 za masomo, na ikiona kweli ni hatari, ikaombe amri ya mahakama. Baadaye sheria yao iliongeza sharti la kukaa pamoja na mzazi kuamua kama tendo lilitokana na ulemavu, na ikaacha mlango kwa mambo mazito kama silaha na majeraha makubwa.

Sisi hatuna sheria yenye hesabu ya siku namna hiyo, lakini hekima yake inatuhusu, na iko sababu nyingine ya darasani kabisa. Mtoto aliyeuma kwa kuwa kelele zimemshinda, akapelekwa nyumbani penye kimya, amelipwa. Kesho atauma tena, tena mapema zaidi, kwa sababu tumemfunza kwamba meno ndiyo tikiti ya kuondokea.

Kuna watakaoniuliza juu ya mtoto aliyeumwa, na wana haki. Msichana aliyepigwa kiti cha kichwa hakukosa lolote, na mwalimu si gunia la mazoezi. Usalama wao ni dhamana ya shule, na haupatikani kwa kumbana mtoto chini kifudifudi, jambo linaloweza kumziba pumzi akafa, wala kwa kumfungia stoo. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, mwaka 2009, iliripoti mamia ya tuhuma za wanafunzi kudhurika na hata kufa kwa kubanwa na kufungiwa, karibu wote wakiwa watoto wenye ulemavu. Ni rahisi kuwatoa nje watoto thelathini watulivu kuliko kumburura mmoja mwenye hamaki. Basi watoke hao, viti viondolewe, abaki mtu mzima mmoja amjuaye, asimame upande wake bila kuziba mlango, aseme maneno machache kwa sauti ya chini, angoje. Mtoto aliyeumizwa atibiwe siku ile ile na mzazi wake aambiwe ukweli siku ile ile, kwani mambo yanayofichwa katika kitengo ndiyo yanayowafanya wazazi wa mtaa kudai kitengo kifungwe.

Walimu wanaoyajua haya wapo: chuo cha Patandi, Arusha, kinawafundisha, na Nairobi iko taasisi ya elimu maalumu tangu mwaka 1986. Lakini mmoja wao akipangiwa shule na kuachwa peke yake na watoto wa umri na ulemavu wa kila aina, bila msaidizi, maarifa yake huishia katika kuzuia ugomvi mpaka kengele ya mwisho.

Na wewe mzazi, siku utakapoitwa shuleni kwa sababu mwanao amepiga, usiende kuomba radhi tu. Chukua cheti cha kliniki, jina la dawa anayotumia na saa anayoitumia, sema alilala vipi na alikula nini asubuhi. Kisha omba upelekwe mahali palipotokea, usimame pale pale aliposimama yeye, saa ile ile, usikilize.