Kijana Wako Ameitwa Kwenye Usaili

Wazazi wapenzi, kijana akiitwa kwenye usaili wa kazi, nyumba nzima hufurahi, na mara nyingi mbuzi huuzwa ili ipatikane nauli. Furahini, ni haki yenu. Lakini kabla mbuzi hajauzwa, mwambieni alete vyeti vyake vyote mezani.

Someni majina. Wengi wetu tunalo jina la ubatizo, jina la babu, na lile ambalo mwalimu wa darasa la kwanza aliliandika kwa haraka. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yosefu, cha shule kinasema Joseph. Kwenu ni mtu mmoja. Kwa msaili ni watu wawili. Sekretarieti ya Ajira, inayotafuta watumishi wa Serikali ya Tanzania, hutaka cheti cha kuzaliwa, vyeti halisi vya shule na kitambulisho. Karatasi ya matokeo peke yake haikubaliwi, na mwenye majina yasiyolingana hutakiwa kuja na hati ya kisheria. Cheti cha ubatizo tunakiheshimu sana, ila hakishiki nafasi ya kile cha RITA. Tena nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe. Fikirini basi uchungu wa kijana aliyetoka Sumbawanga mpaka Dodoma, akarudishwa mlangoni!

Haya, tuje kwenye adabu. Afike mapema, nguo zake ziwe safi na zimepigwa pasi. Suti ya kuazima inayomning'inia mabegani haimsaidii. Apige hodi, asalimu, angoje kuambiwa aketi. Hapo lipo jambo gumu. Sisi tumewafundisha watoto kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na tumefanya vema. Lakini wasaili hupenda kutazamwa usoni, na sauti ndogo huidhania woga. Basi mzoezeni nyumbani: aketi mbele ya baba na mjomba, wamwulize anajua kufanya nini, naye ajibu kwa sauti mpaka koo lizoee. Asilolijua, akiri kwamba halijui. Asiseme, "Nipeni kazi yoyote tu," wala asianze kueleza shida za nyumbani.

Pengine, hasa kwenye makampuni, atakaribishwa chakula. Simu aizime, anawe mikono, amngoje mkubwa aanze, asirundike sahani. Uma na kisu kama hajavizoea, achukue kijiko. Sioni aibu yoyote katika kijiko. Bia akiletewa, ashukuru na kuomba soda.