Studio za Bariadi na mali iliyo ndani ya kompyuta

MKOANI Simiyu pamba ndiyo fedha. Baada ya mavuno huja mbina, mashindano ya ngoma ambamo Bagika na Bagalu hupambana, na manju mwenye fedha mkononi huja Bariadi kurekodi.

Mwenye studio akidhani wimbo ukishakuwa MP3 umehifadhiwa, anajidanganya. MP3 ni ugali uliokwisha kusongwa. Manju akirudi akitaka sauti yake ipandishwe, au jina la tajiri aliyemsifu liondolewe, linahitajika faili la kazi lenyewe.

Nalo peke yake halitoshi. Katika programu kama Cubase, faili la kazi hubeba maelekezo tu. Sauti zilizorekodiwa hukaa kwenye folda yake. Anayenakili faili hilo dogo kwenye flashi na kuiacha folda atafungua kwingine akute ukimya. Cubase ina amri ya kukusanya vyote kwenye folda mpya. FL Studio huvifunga pamoja katika faili la zip.

Nafasi si kisingizio. Sauti ya njia moja, biti 24, hula takriban MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye njia 20 ni kama MB 800, yaani flashi ya GB 16 hubeba zaidi ya kumi.

Nakala moja ibaki studio, nyingine ilale nyumbani kwenye diski ya nje: mwizi akibeba kompyuta, habebi vyote. Nakala hiyo ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kabla manju hajapanda basi kurudi Itilima au Meatu.