Pete ya Ndoa Katika Nchi ya Shaba

Dhahabu imepanda mno. Oktoba 2025 bei ya wakia moja ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia. Pete ya kike ya gramu 4, karati 18, ina gramu 3 za dhahabu halisi. Kwa bei hiyo dhahabu peke yake inapita dola 380, na sonara bado hajalipwa. Kijana wa Tenke, Fungurume au Kolwezi ambaye hajamaliza mahari hawezi kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Ndiyo maana wachumba wengi sasa wanaulizia titani, tangsteni, kobalti na inoksi.

Wanafanya vizuri kuuliza, ila sokoni huelezwa mambo mawili tu: mng'ao na ugumu. Kwa pete ya mwanamke kuna jambo lililo kubwa zaidi. Kidole chake hubadilika. Huvimba wakati wa mimba, huvimba kwa joto na kwa ugonjwa, na hunenepa kadiri miaka inavyosonga. Pete atakayoivaa maisha yake yote inapaswa kuwa ya metali ambayo sonara anaweza kuipanua, na muuguzi anaweza kuikata siku ya dharura. Kwa kipimo hicho, pete ngumu kuliko zote yaweza kuwa ndiyo isiyomfaa kabisa.

Kabla ya kuzipitia metali hizo, tuondoe aibu. Wapo wanaoona kwamba pete isiyo ya dhahabu inamshusha bibi harusi mbele ya wakwe. Historia ya Kongo yetu inasema vingine. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walioanza kazi mwaka 1957 walikuta makaburi yenye misalaba midogo ya shaba, mingine imewekwa karibu na mikono ya marehemu. Misalaba ya aina hiyo iliyeyushwa na kumiminwa na mababu wa Katanga kwa karne nyingi. Ilitumika kama fedha, na familia zilitoleana mahari kwa misalaba hiyo. Bunkeya, kwenye himaya ya Mwami Msiri aliyetoka upande wa Unyamwezi, mafundi wa watu wake, Wayeke, walivuta shaba ikawa nyaya nyembamba za kutengenezea bangili. Mwanamke wa hapa aliheshimiwa kwa shaba kabla dhahabu haijafika madukani. Hata leo, Sheria ya Familia ya 1987 inataka mahari. Haimlazimishi mtu kununua pete ya dhahabu.

Tuanze basi na shaba yenyewe. Ni nzuri, ina joto la rangi, na fundi yeyote anaweza kuifanyia kazi. Udhaifu wake ni ulaini: hujikunja na kuchubuka. Tena jasho huila kidogo kidogo na kuacha alama ya kijani kwenye ngozi. Kijani hicho ni chumvi za shaba. Hakimdhuru mtu mwenye ngozi ya kawaida, hutoka kwa sabuni. Anayeipenda aagize pete ya shaba iliyowekewa fedha kwa ndani, ili ngozi iguse fedha na macho yaone shaba. Njia nyingine ni dhahabu nyekundu: rangi yake inatokana na shaba iliyochanganywa na dhahabu.

Fedha ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa mwenye mfuko mdogo. Ile ya kawaida ya masonara ina sehemu 92.5 za fedha katika 100, na zinazobaki kwa kawaida ni shaba. Huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani, lakini kitambaa na dawa ya kusugulia vinairudisha. Huchubuka upesi kuliko dhahabu ya karati 18. Faida yake ni kwamba sonara yeyote aliye na moto na nyundo anaweza kuipanua kwa muda mfupi.

Titani ni nyepesi ajabu: sentimita moja ya ujazo ina gramu 4.5, wakati dhahabu safi ina gramu 19.3. Mwili haugombani nayo, ndiyo maana madaktari huitumia kuungia mifupa. Mwenye ngozi inayowashwa na mapambo atapumzika nayo. Lakini ikipata moto huishika hewa na kuharibika, kwa hiyo sonara wa kawaida hawezi kuiunga wala kuipanua. Kidole kikibadilika, utanunua nyingine.

Inoksi ni chuma cha bei rahisi kisichoshika kutu. Ndani yake mna nikeli, ambayo husumbua ngozi za wanawake wengi, hasa waliotoga masikio na kuvaa hereni duni. Inoksi nzuri huifunga nikeli hiyo chini ya utando wa kromu, hivyo inayotoka ni kidogo sana. Hata hivyo, aliyewahi kuvimba masikio kwa hereni asiichague bila kuijaribu.

Kobalti inatugusa zaidi, kwa kuwa Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na mgodi wa Tenke-Fungurume, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ni kati ya vyanzo vikubwa. Pete inayoitwa ya kobalti ni mchanganyiko wa kobalti na kromu, ndugu wa ule wanaotumia mafundi wa meno. Ni nyeupe kama platini, haihitaji kupakwa kitu, na haichubuki ovyo. Kuipanua ni kazi ngumu. Na wako watu ambao ngozi yao huikataa kobalti. Mwanamke ambaye mikono yake huwashwa anaposhika mawe ya madini au sementi amwone daktari kwanza, asije akaivaa shida kidoleni.

Tangsteni inayouzwa si tangsteni tupu. Ni unga wa tangsteni na kaboni ulioshikwa pamoja na metali nyingine. Ukishikwa na kobalti, jasho huila ile kobalti, pete ikapata madoa na ngozi ikaudhika. Ulioshikwa na nikeli huvumilia jasho vizuri zaidi, ila haumfai mwenye mzio wa nikeli. Ugumu wake unakaribia 9 katika kipimo ambacho almasi ina 10. Kwa hiyo haikunjiki wala haipanuliki, na ikianguka kwenye sementi yaweza kupasuka. Siku kidole kikivimba, msumeno mdogo wa hospitali hautaiweza. Huvunjwa kwa koleo la kujifunga, likikazwa taratibu mpaka pete ipasuke. Mwambie muuguzi hivyo kabla hajaanza kuhangaika.

Jihadhari zaidi na pete ya shaba ya njano iliyopakwa dhahabu kisha ikauzwa kama dhahabu. Kusonga bukari, kufua na kusugua masufuria kutaumaliza huo mpako. Na pete yoyote ivuliwe unapokaribia mashine inayozunguka, betri au umeme, maana kila metali niliyoitaja hupitisha umeme.

Mbele ya muuzaji uliza maswali matatu. Ndani ya hii pete kuna nini hasa? Je, rangi hii ni ya pete nzima au ni mpako? Na kipimo kikibadilika, ni fundi gani hapa Kolwezi au Lubumbashi ataipanua? Akishindwa kujibu la tatu, jua unanunua pete ya miaka michache. Bwana na bibi si lazima wavae metali moja: bwana anayefanya kazi mgodini anaweza kuchukua titani, mkewe akachukua fedha au dhahabu ya karati 9, ambayo ina sehemu 37.5 tu za dhahabu katika 100 na bado inapanuliwa. Ikiwa pesa ni chache, usikope kwa ajili ya dhahabu. Nunua pete ya fedha inayomkaa vizuri leo na itakayoweza kurekebishwa baada ya mtoto wa tatu.