Kuandika Hadithi za Wazee Pasipo Kuzipunguza

Wasikilizaji wetu, na ninyi msomao maneno haya katika kijitabu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za hadithi za kale zenye mambo ya kutisha, na jinsi zinavyoweza kuandikwa zisipotee wala zisigeuzwe.

Mtu akaaye Kimbiji, au kijiji kingine cho chote cha pwani kusini ya Dar es Salaam, hatashangaa kusikia ngano ya msichana aliyesahau kombe lake ufuoni. Wenzake wakaenda zao. Yeye akarudi peke yake kulitwaa, akakamatwa na zimwi. Zimwi akamtia ndani ya ngoma, akazunguka naye mji kwa mji, akimwimbisha ili apate chakula. Hata siku moja wakafika kwao, na wazazi wakaitambua sauti ya mtoto wao. Wakamtoa kwa siri, wakajaza ngoma nyoka na wadudu waumao. Zimwi alipoifungua, akafa. Ngano hii husimuliwa kwa namna nyingi, na namna moja ya Unguja ilipigwa chapa London mwaka 1870, katika kitabu cha Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu. Kiswahili kiliwekwa upande mmoja, na Kiingereza upande wa pili.

Sasa, wako watu wema wasemao kwamba mambo hayo hayafai kwa watoto: afadhali zimwi aombe radhi, asamehewe, na mambo yaishe. Kabla hatujawajibu, na tutazame yaliyowapata Wajerumani, maana wao walitutangulia katika shauri hili.

Ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walikusanya hadithi za nchi yao, wakatoa kitabu cha kwanza mwaka 1812. Nia yao ilikuwa kuhifadhi mambo ya kale, lakini walionunua waliwasomea watoto, kisha wakalalamika. Basi kitabu kilipopigwa chapa tena na tena, hata mara ya saba mwaka 1857, Wilhelm aliendelea kukirekebisha. Hadithi moja ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinjana iliondolewa kabisa. Binti aliyefungiwa mnarani, ambaye hapo kwanza aliuliza kwa nini nguo zake zinambana, akanyamazishwa, kwa kuwa swali lile lilionyesha kuwa ana mimba. Mwanamke aliyetaka kumwua Theluji Nyeupe alikuwa mama yake mzazi. Tangu mwaka 1819 akawa mama wa kambo. Lakini adhabu yake haikuguswa: alivikwa viatu vya chuma vilivyochomwa motoni, akacheza hata akafa! Twaona basi kwamba si ukali wote uliowachukiza. Uliowachukiza zaidi ni ule ulioingia nyumbani mwao wenyewe.

Tena iko hadithi ya Hansel na Gretel. Nyumba yao ina njaa, na mama ashauri kwamba watoto wakaachwe msituni. Hapo kwanza alikuwa mama aliyewazaa. Katika chapa ya mwaka 1840 akageuzwa kuwa mama wa kambo. Kwa neno hilo moja msomaji amenyang'anywa habari kubwa, yaani kwamba njaa yaweza kumfikisha hata mzazi mahali pale. (Na mama wa kambo wote wamepakwa tope bure, lakini hilo tuliache.)

Twayajuaje haya? Kwa sababu chapa ya kwanza haikupotea. Hata karatasi zilizoitangulia zipo: mwaka 1810 ndugu hao walimpelekea rafiki yao Clemens Brentano nakala za hadithi zao. Zile walizobaki nazo waliziharibu, lakini zile za rafiki zilikuja kuonekana katika nyumba ya watawa ya Ölenberg, Alsace. Bahati tu!

Turudi kwetu. Katika kitabu kile cha Steere imo hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja akichakura jaani kutafuta punje za mtama aokota thumni, anunua paa. Paa ana akili kuliko bwana wake: amtafutia mke, binti wa sultani; amwua nyoka mwenye vichwa saba, ampatia bwana wake jumba na mali. Kisha paa augua. Bwana, aliyeshiba sasa, aamuru apewe uji wa mtama, na alipokufa atupwe kisimani. Mke alia, babaye aja na watu wake, paa azikwa kwa heshima. Usiku ule mke aota yuko kwao, aamka yuko kwao kweli. Na mume aamka yuko jaani, akichakura kama zamani.

Mwandishi wa kitabu cha shule akiikata hadithi hii kwenye arusi, watoto watafurahi, nayo itakuwa habari ya mtu mwenye bahati. Lakini aliyeitunga hakuwa akisema habari za bahati. Uji ule wa mtama ndio hadithi yenyewe. Na jaa la mwisho halina maana pasipo uji.

Kwa hiyo shauri letu kwa wanafunzi na wote wajuao kuandika ni hili. Kumsimulia mtoto mdogo ni kazi moja, na mama ana ruhusa ya kupunguza amwonapo mtoto ameanza kutetemeka. Kuweka hadithi katika daftari ni kazi nyingine. Hapo andikeni kila neno alilosema mzee, hata lile linaloona haya, na msimulize yeye kwa haraka. Tena mwulizeni kama amewaficha jambo, maana wazee wengi hupunguza mbele ya mgeni au kijana. Wimbo ukiwa wa Kizaramo, uwekwe kwa Kizaramo, na maana yake chini yake. Wasimulizi wawili wakihitilafiana, msiwapatanishe. Andikeni zote mbili. Kisha tieni mahali na tarehe, na nakala moja mpeni mtu mwingine aiweke nyumbani kwake.