Mzigo wa Ova Tisini

Kocha wa kandanda mjini Kisumu akimwona winga wake ameanza kuburura mguu, humwita benchi na kumwingiza mwingine. Katika kriketi ya Testi, ile inayochezwa kwa siku tano, hana ruhusa hiyo. Mchezaji wa akiba anaweza kuingia uwanjani kudaka na kuzuia mipira, lakini kurusha hawezi. Tangu 2019 sheria imemlegezea aliyepigwa kichwani akapata mtikisiko wa ubongo, naye hupata mtu wa kushika nafasi yake kikamilifu. Mrushaji aliyechanika msuli wa paja hana bahati hiyo. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba siha katika mchezo huu haifai kupimwa mtu mmoja mmoja. Ni mali ya timu nzima, mfano wa wavuvi wanaovuta kokoro: mmoja akiachia kamba, uzito wake hautoweki, unahamia mikononi mwa waliobaki.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Siku moja ya Testi hupangiwa ova 90, na kila ova ni mipira 6. Warushaji wanne wakigawana sawa, kila mmoja anarusha mipira 135. Mmoja akiumia asubuhi, watatu waliobaki wanabeba mipira 180 kila mmoja, nyongeza ya theluthi moja ambayo hakuna aliyejiandaa nayo. Mrushaji wa kasi hutimka mbio, huruka, kisha hukita mguu wa mbele chini kwa kishindo kinachozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, huku mgongo ukijipinda upande. Watafiti wa Australia waliowavisha wachezaji vifaa vya kupima mwendo kwa setilaiti waliona kwamba mrushaji wa aina hii hukata zaidi ya kilomita 20 kwa siku moja ya mechi ndefu. Utafiti mwingine wa huko huko ulionyesha kuwa waliorusha zaidi ya ova 50 katika mechi moja walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuumia ndani ya wiki tatu zilizofuata. Yaani jeraha la leo la mtu mmoja linaweza kuwa jeraha la mwenzake mwezi ujao, na kocha asiyeweka daftari la ova ataliita bahati mbaya.

Uchovu huo haubaki kwa warushaji. Novemba 2000 Bangladesh ilicheza Testi yake ya kwanza, mjini Dhaka, dhidi ya India. Zamu ya kwanza ya kupiga iliipa mbio 400, jambo lililowastaajabisha wengi. India ikajibu kwa 429, na Bangladesh ikakaa uwanjani zaidi ya siku nzima ikifukuza mipira. Iliporudi kupiga mara ya pili, iliangushwa yote kwa mbio 91. Sisemi miguu mizito ndiyo sababu pekee. Woga upo, na India ilikuwa na warushaji hodari. Hata hivyo wapigaji ni wale wale, uwanja ni ule ule, na kilichobadilika zaidi ni siku walizokuwa nazo miilini. Bangladesh ilisubiri hadi Januari 2005, katika Testi yake ya 35, ndipo ikapata ushindi wa kwanza.

Hapa msomaji wa Kenya atauliza haya yanatuhusu nini, maana hatujawahi kupewa hadhi ya Testi. Yanatuhusu sana. Bangladesh hiyo hiyo tuliifunga katika Kombe la Dunia la 2003, mwaka ambao Kenya ilifika nusu fainali, na ambao Collins Obuya alichukua wiketi 5 kwa mbio 24 tulipoishinda Sri Lanka mjini Nairobi. Kikosi kile kilijaa majina ambayo mtu wa Nyanza huyatambua mara moja: Odoyo, Ongondo, Otieno, Odumbe, Obuya. Ila mechi zile zilikuwa za siku moja, na mrushaji hukomea ova 10. Kombe la mabara la mechi ndefu kwa mataifa yasiyo ya Testi lilianza 2004, wakati nyumba yetu tayari inawaka moto: migomo ya wachezaji, mvutano wa viongozi, Odumbe kufungiwa miaka mitano. Wapo watakaosema basi kilichotuangusha ni siasa na pesa, si miili. Nakubali chanzo ni hicho. Lakini siasa mbovu haiingii uwanjani kurusha mpira. Inaingia kwa njia ya ratiba iliyokatika, mshahara usiolipwa na mtaalamu wa misuli asiyekuwepo, na mwisho wake ni mchezaji anayepumzika miezi mitatu kisha anatakiwa arushe ova 20 kwa ghafla. Mruko wa namna hiyo, kutoka kazi kidogo hadi kazi nyingi mara moja, ndio unaoumiza mgongo, hasa wa kijana ambaye mifupa yake haijakomaa.

Pingamizi zito zaidi ni la ustadi. Juni 2024 Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na miaka 43, alirusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la ova 20, akatoa mbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Nani atamwambia babu huyo habari za siha? Nampa heshima zake zote. Lakini ova 4 ni mipira 24, na yeye harushi kwa kasi. Katika mechi ndefu ustadi huo huo lazima uwepo katika mpira wa 24 na bado uwepo katika wa 124, na ustadi hukaa ndani ya mwili. Katika jaribio moja, warushaji waliopoteza maji kiasi cha asilimia 2.8 ya uzito wao hawakupungua kasi hata kidogo. Walichopoteza ni shabaha. Mtazamaji angewaona wana nguvu bado.

Kwa mtu wa kilo 70, asilimia hiyo ni kama kilo 2. Jua la Kisumu la saa nane mchana, pamoja na unyevu unaopanda kutoka ziwani, linaweza kumtoa mrushaji jasho hilo bila yeye kutambua, na kiu huchelewa kumwonya. Kipimo chake ni mizani, chombo kisichokosekana popote samaki wanapouzwa, kuanzia Dunga hadi Usenge. Mchezaji apimwe kabla ya kuingia na apimwe tena wakati wa chakula cha mchana, uzito uandikwe kando ya idadi ya mipira aliyorusha, na kilichopungua kirudishwe kwa maji na chumvi kidogo. Vijana wa shule za Nyanza wakipangiwa mechi za siku mbili, Jumamosi na Jumapili, daftari hilo litaonyesha mambo ambayo mechi ya ova 20 haiwezi kuyaonyesha: nani bado anaangusha mpira pale pale anapotaka Jumapili saa kumi, mawingu ya mvua yakijikusanya juu ya Nandi, na nani tangu asubuhi amekuwa akirushiwa mzigo wa mwenzake.