Tiba ya Kinga Dhidi ya Mzio: Safari ya Miaka Mitatu kwa Nafuu ya Kudumu

Mtu anayeishi karibu na Ghuba ya Mnazi, iwe Msimbati, Madimba au Mtwara mjini, huzungukwa na mambo mengi yawezayo kumsumbua pua, macho, kifua na ngozi. Hewa ya pwani hubeba unyevu; mikorosho hupulizwa salfa kila msimu ili kuikinga na ubwiriunga; korosho hubanguliwa; moshi wa kuni hutanda jikoni; uduvi huanikwa; na nyuki hawako mbali na maua. Anapoanza kupiga chafya kila alfajiri, hupewa kidonge cha setirizini au loratadini, hupata nafuu siku hiyo, na kesho yake hurudia kidonge kile kile. Wapo wanaoendelea hivyo kwa miaka mingi. Swali wanalouliza ni la haki: je, hakuna tiba inayobadilisha mzio wenyewe, badala ya kutuliza dalili zake tu?

Tiba ya namna hiyo ipo, nayo imetimiza zaidi ya miaka mia moja. Huitwa tiba ya kinga ya mzio, au imunotherapia. Haimfai kila mgonjwa, huchukua muda mrefu, na ina hatari zake. Makala haya yanaeleza jinsi inavyofanya kazi, anayefaidika nayo, na kwa nini utambuzi sahihi wa ugonjwa lazima utangulie sindano ya kwanza.

Kinga inapokosea adui

Mzio hutokea pale mfumo wa kinga unapokichukulia kitu kisicho na madhara kuwa ni adui. Katika kukutana nacho mara za mwanzo, mtu hahisi lolote. Kimyakimya mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgE, ambazo hujibandika juu ya seli ziitwazo seli masti. Seli hizo hupatikana kwa wingi katika ngozi na katika utando wa pua, macho, mapafu na utumbo. Kitu kile kinapoingia tena, hunaswa na kingamwili hizo, na ndani ya dakika chache seli masti humwaga histamini pamoja na kemikali nyingine. Hapo ndipo chafya, mwasho, uvimbe na kubanwa kifua huanza.

Dawa za antihistamini huzuia histamini isifanye kazi yake. Dawa za kupuliza puani zenye steroidi hupunguza uvimbe wa utando. Zote ni dawa nzuri, na kwa wagonjwa wengi zinatosha. Hata hivyo, zinapoachwa ilhali kisababishi bado kipo, dalili hurejea, kwa kuwa kumbukumbu ya kinga haikuguswa.

Katika pwani yenye joto na unyevu, kisababishi kinachostahili kufikiriwa mapema ni utitiri wa vumbi la nyumbani. Ni viumbe wadogo mno wa jamii ya kupe, wasioonekana kwa macho, wanaokula magamba ya ngozi ya binadamu na kuishi ndani ya magodoro, mito ya sufi na mazulia. Hawanywi maji bali huyafyonza kutoka hewani, ndiyo maana hustawi palipo na unyevu. Utitiri wa jamii ya Dermatophagoides umeenea sehemu nyingi za dunia, na ule uitwao Blomia tropicalis hupatikana zaidi katika nchi za joto. Mgonjwa anayepiga chafya mfululizo anapoamka au anapokung'uta kitanda, mwaka mzima bila kujali msimu, anatoa dokezo muhimu kuhusu kisababishi hiki.

Si kila mwasho hutibika kwa njia hii

Tiba ya kinga hulenga mzio unaoletwa na kingamwili za IgE dhidi ya kisababishi kinachojulikana kwa uhakika. Katika mkoa wa Mtwara, hali tatu zinaweza kumpotosha mgonjwa, na hata mhudumu wa afya.

Ya kwanza ni vumbi la salfa. Anayekohoa na kutokwa machozi wakati mikorosho inapopulizwa, kwa kawaida hana mzio wa salfa. Vumbi hilo huunguza na kukereketa macho na njia ya hewa ya mtu yeyote, na mwenye pumu huumia zaidi. Moshi wa kuni nao hufanya vivyo hivyo. Hakuna sindano ya kuuzoeza mwili kwa vitu hivi. Dawa yake ni barakoa, miwani ya kinga, kusimama upande upepo unakotoka, na pumu kutibiwa ipasavyo.

Ya pili ni mafuta yaliyomo katika ganda la korosho. Mafuta haya huweza kuchubua ngozi ya mbanguaji moja kwa moja. Aidha, kwa baadhi ya watu huamsha mzio wa mguso unaojitokeza baada ya siku moja hadi tatu, ukiwa na malengelenge na mwasho mkali mikononi au usoni. Mzio huo huendeshwa na seli za kinga za aina ya T, wala si na IgE. Kipimo cha IgE hakiugundui, na tiba inayoelezwa hapa haiutibu. Kinachosaidia ni glavu, kunawa mapema, na dawa ya kupaka yenye steroidi.

Ya tatu ni minyoo. Maambukizi ya minyoo hupandisha jumla ya IgE katika damu, na huweza kufanya kipimo cha mzio kionekane chanya kwa mtu asiye na dalili yoyote. Kwa hiyo jumla ya IgE iliyo juu haitoshi kuthibitisha mzio, hasa mahali ambapo minyoo ni ya kawaida. Kipimo huwa na maana pale tu kinapokubaliana na historia ya mgonjwa.

Kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha kudonoa ngozi. Tone la kisababishi huwekwa juu ya mkono, ngozi hudonolewa kidogo, na baada ya dakika 15 hadi 20 uvimbe hupimwa. Uvimbe unaozidi ule wa tone lisilo na kisababishi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Mgonjwa hutakiwa kuacha antihistamini kwa takriban wiki moja kabla, la sivyo kipimo huweza kudanganya.

Jinsi mwili unavyozoezwa

Mwaka 1911, daktari Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's, London, alichapisha matokeo ya kuwachoma wagonjwa wa mafua ya mzio sindano za maji ya chavua ya nyasi, akianza na kiasi kidogo na kukiongeza hatua kwa hatua. Noon aliamini kwamba chavua ina sumu, na kwamba alikuwa akiwakinga wagonjwa dhidi ya sumu hiyo. Maelezo yake hayakuwa sahihi, lakini njia yake ilikuwa sahihi. Alifariki mwaka 1913, na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi hiyo. Kingamwili za IgE zenyewe hazikugunduliwa hadi miaka ya 1960, na jina hilo lilikubaliwa rasmi mwaka 1968.

Leo inafahamika kwamba kisababishi kinapoingia kwa kiasi kidogo, kwa mpangilio na kwa muda mrefu, seli za T zenye kazi ya kutuliza kinga huongezeka. Mwili huanza kutengeneza kingamwili za aina ya IgG4, ambazo hukinasa kisababishi kabla hakijaifikia IgE. IgE yenyewe huweza kupanda miezi ya mwanzo, kisha hushuka polepole kwa miaka. Kwa sababu hiyo, mafanikio ya tiba hayapimwi kwa kurudia kipimo cha damu, bali kwa kuangalia dalili za mgonjwa na wingi wa dawa anazohitaji.

Njia kuu ni mbili. Katika njia ya sindano, dawa huchomwa chini ya ngozi ya mkono, kwa kawaida kila wiki kwa miezi kadhaa hadi kipimo kamili kifikiwe, kisha takriban mara moja kwa mwezi. Katika njia ya pili, vidonge au matone huwekwa chini ya ulimi kila siku nyumbani, baada ya dozi ya kwanza kutolewa mbele ya mhudumu. Njia ya ulimi ina hatari ndogo zaidi, ingawa mwasho wa mdomo ni wa kawaida siku za mwanzo.

Kwa nini miaka mitatu

Wagonjwa wengi huanza kuona nafuu ndani ya mwaka wa kwanza, na hapo ndipo wengine hushawishika kuacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia watu waliokuwa wamechomwa sindano za chavua ya nyasi kwa miaka 3 hadi 4. Walioacha na walioendelea walibaki na nafuu inayokaribiana kwa miaka 3 iliyofuata. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2017 na kuwahusisha watu wazima 106, ulijaribu miaka 2 tu ya tiba. Mwaka mmoja baada ya kuacha, waliotibiwa hawakutofautiana vya kutosha na waliopewa dawa bandia.

Somo ni bayana. Miaka 2 hutuliza, lakini nafuu idumuyo huanza kutarajiwa baada ya miaka 3, na madaktari wengi hupanga miaka 3 hadi 5. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisipojaa, kilichomwagwa ni muda na fedha za mgonjwa. Ikiwa hakuna nafuu yoyote baada ya mwaka mmoja wa kipimo kamili, daktari hupaswa kuchunguza upya badala ya kuendelea kwa mazoea.

Hatari na maandalizi

Anayechomwa sindano anapewa kitu kile kile kinachomdhuru. Uvimbe mahali pa sindano ni wa kawaida. Mara chache hutokea anafilaksia, yaani mzio mkali wa mwili mzima, wenye kubanwa koo au kifua, kushuka kwa shinikizo la damu na kuzirai. Kwa hiyo sindano hizi hutolewa kituoni tu, na mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa angalau dakika 30.

Mhudumu huhitaji kuwa na adrenalini mkononi kabla ya kuchoma sindano. Dozi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima, ikichomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na huweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Mgonjwa hulazwa chali miguu ikiinuliwa. Mwenye shida ya kupumua huruhusiwa kukaa. Hidrokotisoni na antihistamini si mbadala wa adrenalini.

Tiba hii haitolewi kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa, kwa kuwa huyo ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa sindano. Haianzishwi wakati wa ujauzito, ingawa aliyekwisha kuizoea huweza kuendelea. Watumiaji wa dawa za moyo za kundi la beta huhitaji tahadhari ya pekee, kwani dawa hizo huweza kudhoofisha kazi ya adrenalini.

Nyuki na vyakula

Mzio wa sumu ya nyuki na nyigu ndio unaoitikia vizuri zaidi. Utafiti wa mwaka 1978 ulionyesha kuwa sindano za sumu halisi humkinga mgonjwa, ilhali zile zilizotengenezwa kwa mwili mzima wa mdudu hazikuwa na faida zaidi ya dawa bandia. Kwa mrina asali aliyewahi kuzirai baada ya kuumwa na nyuki mmoja, tiba hii huweza kuwa tofauti kati ya uhai na kifo.

Kwa vyakula hali ni tofauti. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya kumezwa kwa watoto wenye mzio wa karanga, lakini hata hiyo huhitaji kuendelezwa, na mtoto hubaki akiziepuka karanga. Mwenye mzio wa korosho au kamba anapaswa kuviepuka kabisa, wala asijaribu kujizoeza mwenyewe nyumbani.

Pale huduma ilipo mbali

Katika sehemu nyingi za Afrika tiba hii bado ni adimu na ghali, nayo huhitaji jokofu, dawa sanifu na mtaalamu. Mgonjwa wa mbali na jiji hupaswa kupiga hesabu ya nauli na muda wa miaka mitatu kabla ya kuanza. Lakini hatua zinazoitangulia zinawezekana katika zahanati yoyote: kuandika historia kwa makini, kutenganisha mzio na ukereketwaji, kudhibiti pumu kwa dawa ya kuvuta, kufundisha matumizi sahihi ya dawa ya puani, kufua mashuka kwa maji ya moto kila wiki, na kuanika godoro na mito juani mpaka vikauke vyema.

Rufaa ifikiriwe kwa mgonjwa ambaye kisababishi chake kinajulikana, ambaye dawa zilizotumiwa sawasawa hazikumtosha, na kwa yeyote aliyepata anafilaksia baada ya kuumwa na nyuki au nyigu. Barua ya rufaa itaje dalili, msimu, kazi ya mgonjwa, hali ya pumu na dawa alizokwisha kutumia. Maelezo hayo humwezesha mtaalamu kuamua iwapo safari hiyo ya miaka mitatu inafaa kuanzwa.