Upepo wa Diani Haumlindi Aliyelala Kando ya Jenereta

Katika likizo ya shule ya Desemba, barabara ya kuelekea Lunga Lunga hujaa magari yanayovuta trela za kupigia kambi na mengine yenye mahema kwenye paa. Kuna wanaovuka kwa feri ya Likoni na kuna wanaopitia Dongo Kundu, lakini mwisho wa safari ni ule ule: kiwanja chenye minazi huko Tiwi, Diani au Msambweni, hatua chache kutoka ufuoni. Aghalabu ndani ya trela huwa mna jenereta ndogo ya petroli. Hiyo si anasa. Joto la pwani halipungui sana usiku, samaki aliyenunuliwa kwa wavuvi anahitaji friji, na Wakenya hawajasahau Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipozimika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Sina ugomvi na jenereta. Ninachopinga ni desturi ya kuiacha ikiunguruma usiku kucha huku watu wamelala ndani ya trela au hema, kwa imani kwamba ufuo una upepo wa kutosha kuuondoa moshi wake. Imani hiyo haina msingi, na inaweza kuangamiza familia nzima usiku mmoja.

Kinachoua si moshi unaoonekana. Injini ya petroli isipochoma mafuta yake sawasawa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukaishiwa na oksijeni ilhali mtu anapumua kama kawaida. Ndiyo gesi inayowaua wanaolala na jiko la makaa chumbani, na onyo la jiko tumelisikia miaka nenda miaka rudi. Jenereta tumeisahau katika onyo hilo kwa kuwa hukaa nje. Lakini tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa imekuwa ikieleza kwamba jenereta moja ya kubebwa inaweza kutoa gesi hii sawa na mamia ya magari, na kwamba watu wapatao 100 hufa kila mwaka nchini humo kwa sababu yake. Kimbunga Laura kilipoipiga Louisiana mwezi Agosti 2020, wengi kati ya waliofariki siku za mwanzo hawakuuawa na maji wala miti iliyoanguka. Waliuawa na jenereta walizowasha baada ya stima kukatika.

Hoja ya upepo ndiyo inayorudiwa zaidi, na inastahili kujibiwa kwa utaratibu. Ni kweli kwamba kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kusi ikafuata, na mchana wa Diani moshi wa jenereta hupeperushwa papo hapo. Ila mtu huchagua mahali pa jenereta saa 11 jioni, kisha hulala saa 4 usiku, na kati ya saa hizo hali ya hewa huwa imegeuka. Jua likizama, nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari. Upepo wa mchana utokao baharini hulegea, pengine ukatulia kabisa, na baadaye hewa huanza kusogea taratibu kutoka bara kwenda majini. Wavuvi wa matanga wameutegemea upepo huo wa bara tangu zamani ili kutoka alfajiri. Kwa hiyo jenereta iliyowekwa upande wa bara jioni, ili moshi uende mbali na hema, ifikapo usiku wa manane inaupeleka moshi huo huo mlangoni. Kusi ikiwa kali huweza kuumeza upepo wa bara, lakini hakuna awezaye kuahidi ni usiku gani. Na saa mbaya kuliko zote ni ile ya utulivu, kabla ya upepo mmoja kuushika mwingine, ambapo gesi hutuama kati ya gari, trela na ua wa makuti, chini ya turubai lililotandazwa kukinga umande.

Trela yenyewe huisaidia gesi kuingia. Ina matundu ya hewa sakafuni na kwenye jiko la gesi, madirisha yake huachwa wazi nyuma ya wavu wa mbu, na feni inayotoa hewa ya moto nje huvuta nyingine ndani kutoka popote inapoipata. Ushauri unaotolewa kwingi ni jenereta ikae angalau mita 6 kutoka mahali walipo watu, ekzosi ikielekezwa mbali nao. Tatizo ni waya. Mwenye waya wa mita 3 huweka jenereta mita 3, hata awe ameusoma ushauri huo mara ngapi, na mvua ikinyesha huisogeza barazani. Waya wa mita 15, mnene wa milimita 2.5 za mraba, unaokunjuliwa wote usipate joto, ni kinga kubwa kuliko jenereta ya bei ghali isiyo na kelele. Ukimya wa injini hausemi lolote kuhusu gesi inayotoka. Tena pwani ina mchanga unaoziba chujio la hewa, na chujio likiziba injini huchoma petroli vibaya na kutoa kaboni monoksaidi nyingi zaidi. Chumvi nayo hula chuma cha ekzosi hadi kikatoboka, moshi ukatokea upande usiotarajiwa.

Kuna wanaosema kwamba bila jenereta usiku hakulaliki. Tupige hesabu. Friji ndogo ya volti 12 hutumia wastani wa wati 30 hivi, feni wati 20. Kwa saa 10 za usiku hizo ni wati-saa 500, na taa zikiongezwa hazifiki 600. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 hubeba takriban 1,200. Nusu yake inatosha, na jenereta au paneli ya sola ya wati 200 huirudisha mchana, watu wakiwa macho na wametawanyika. Hesabu hii inavunjika mbele ya kiyoyozi, ambacho hula wati 1,000 na kuimaliza betri ndani ya saa moja na kidogo. Asiyeweza kulala bila kiyoyozi atafute kiwanja chenye soketi ya stima au akodi chumba. Betri ni ghali, sikatai, na si kila familia itaimudu mwaka huu. Kwa hao, friji iliyojaa barafu na kufungwa vizuri huvumilia hadi asubuhi.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwangu ni la wizi. Watu huweka jenereta mlangoni kwa sababu ikiwa mbali itachukuliwa, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kulinda mali yake. Hata hivyo, jenereta iliyozimwa na kupoa inaweza kufungwa kwa mnyororo kwenye mnazi au kuingizwa garini, petroli ikibaki nje mbali na moto, lakini inayounguruma haiwezi. Pia anayeiwasha hadi alfajiri hulazimika kuijaza petroli gizani, injini ikiwa moto, na tone moja juu ya ekzosi latosha kuwasha hema. Wenye viwanja nao wana sehemu yao: kizimba cha chuma chenye kufuli mbali na mahema, soketi zilizowekwa na fundi mwenye leseni, na saa maalumu ya kuzima. Serikali ya Kaunti ya Kwale, ambayo hutoa vibali vya biashara kila mwaka, ina nafasi ya kuyafanya hayo kuwa sharti la kibali.

Jambo la mwisho linahusu ugonjwa wenyewe. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na miguu kuisha nguvu: katika Kwale kila mtu atasema ni malaria, ameze dawa, arudi kulala. Kurudi kulala ndiko kunakoua. Watu wawili au watatu wa hema moja wakiugua kwa pamoja, au mgonjwa akipata nafuu akitoka nje, watolewe wote hapo hapo, jenereta izimwe, wakimbizwe hospitali yenye oksijeni, kama Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni. Huko ni lazima mtu aitaje jenereta kwa kinywa chake. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hakiwezi kuitofautisha na kaboni monoksaidi, na kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Kwa hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 6 kupungua nusu damuni, lakini kwa oksijeni safi hupungua kiasi hicho kwa saa moja au moja na nusu.